Maswali ya Wasomaji: Mchekeshaji, Gitaa na Kamera

Tulipowaalika wasomaji watuulize kuhusu kazi za jukwaani, barua nyingi zilizotufikia kutoka Kisumu, Nakuru na kaunti za Magharibi zilimhusu mtu wa aina moja: yule anayesimama peke yake na maikrofoni akachekesha watu, na ambaye pia huigiza na kupiga ala ya muziki. Tumechagua barua tano. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Mimi hupiga gitaa kwenye harusi na hafla za kanisa hapa Kondele. Nimeona kwamba watu hutulia ninapoimba, lakini huangua kicheko ninapozungumza kati ya wimbo mmoja na mwingine. Rafiki zangu wananishauri niweke gitaa kando niwe mchekeshaji kamili, na wakati huohuo kuna kikundi cha maigizo kinachonitaka. Je, mtu anaweza kushika kazi tatu bila kuziharibu zote? – Mpiga gitaa, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, hali unayoieleza ndiyo iliyomtoa Billy Connolly katika muziki na kumweka miongoni mwa wachekeshaji wakubwa wa Uingereza. Connolly alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1942, akafanya kazi ya kuchomelea vyuma katika viwanda vya meli vya mto Clyde, kisha akaingia katika muziki wa jadi wa kwao akipiga banjo na gitaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa katika kikundi cha The Humblebums, ambacho baadaye kilimpokea Gerry Rafferty, na ni katika kikundi hicho ambamo maneno yake ya kutanguliza nyimbo yaliendelea kurefuka hadi watu wakawa wanayangojea kuliko nyimbo zenyewe. Kikundi kilipovunjika alianza kupanda jukwaani peke yake, na mahojiano aliyofanyiwa na Michael Parkinson kwenye televisheni mwaka 1975 yakamfanya ajulikane nchi nzima. Banjo hakuitupa. Aliendelea kuja nayo jukwaani, ila sasa wimbo ulikuwa unayahudumia masimulizi badala ya masimulizi kuuhudumia wimbo. Uigizaji wake uliosifiwa zaidi ulikuja baadaye sana, mwaka 1997, alipoigiza pamoja na Judi Dench nafasi ya mtumishi wa Malkia Victoria, ambayo haikuwa ya kuchekesha hata kidogo.

Jamie Foxx wa Marekani alipitia njia nyingine. Bibi yake alisimamia masomo yake ya piano tangu akiwa mtoto mdogo, naye akaenda kusomea muziki chuoni, lakini mlango uliofunguka mwaka 1989 ulikuwa wa vichekesho, na kutoka hapo akaingia televisheni na filamu. Piano ilikaa ikingoja. Alipopewa nafasi ya kumwigiza mwanamuziki Ray Charles katika filamu iliyotoka mwaka 2004, yale masomo ya utotoni ndiyo yaliyomwezesha kukaa kwenye kinanda yeye mwenyewe bila kutafutiwa mikono ya mtu mwingine, na mwaka uliofuata akapata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume.

Utaona kwamba hakuna kati yao aliyeanza kazi tatu kwa siku moja. Kila mmoja alikuwa na kazi moja iliyomtangulia mlangoni, na nyingine zikamfuata zikiwa zimekwisha kuiva.

Lakini nawe huko Kisumu una shule iliyo karibu zaidi. Mtazame mpiga nyatiti akiwa kazini. Amekaa kwenye kigoda kifupi, ala yenye nyuzi nane iko mbele yake, njuga zimefungwa mguuni, na kidole gumba cha mguu kimevishwa pete ya chuma anayoigonga kwenye ala ili kujipigia mdundo. Katikati ya wimbo mtu anainuka, anatoa pesa, anaomba muziki unyamaze, kisha anaanza pakruok: anajisifu kwa mafumbo, anawasifu wakwe zake, anamchokoza shemeji aliyekaa kando. Mpigaji anamsubiri, anamtupia neno moja au mawili yanayowafanya watu wacheke, halafu anaurudia wimbo palepale alipouachia. Kuimba kumo, kuigiza kumo, mzaha umo, na malipo yamekwisha kupokelewa kabla mdundo haujarudi. Wachekeshaji wa mijini hutumia miaka kujifunza namna ya kumjibu mtazamaji anayewakatiza, ilhali mzee wa nyatiti alikwisha kuugeuza ukatizaji huo kuwa sehemu ya mapato yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiweke gitaa kando, bali ulishushe cheo. Hatari ya gitaa mikononi mwa mchekeshaji ni kwamba hufunika kichekesho dhaifu, kwa sababu watu hupiga makofi kwa adabu wimbo unapokwisha, na mpigaji akadhani wamefurahia maneno. Chukua masimulizi matatu unayoyategemea zaidi, uyaeleze mahali ambapo huna ala yoyote, labda kwenye meza ya chai baada ya ibada. Yale yatakayochekesha bila nyuzi ndiyo yako. Mengine yalikuwa ya gitaa. Ukirudi nayo jukwaani, jifunze kuzizima nyuzi kwa kiganja kabla ya neno la mwisho ili neno hilo lisikike katika ukimya, na kicheko kikipanda usiguse chochote mpaka kianze kushuka. Wanamuziki wengi hushindwa hapo: mkono umezoea kujaza kila pengo, nao huukata kicheko walichokitafuta wenyewe.

Kuhusu kikundi cha maigizo, kubali mchezo mmoja, tena nafasi ndogo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Kakamega, na ninasimamia kikundi cha drama. Nina mwanafunzi ambaye masimulizi yake huwafanya watu wacheke hadi machozi, lakini nikimpa nafasi katika mchezo wenye wahusika wengi anapotea kabisa. Je, mchekeshaji anaweza kufunzwa kuigiza, au hizo ni karama mbili tofauti? – Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, anaweza kufunzwa, na tamasha la kitaifa la drama, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1959, ni mahali pazuri pa kuanzia, maana masimulizi ya mtu mmoja na mchezo wa wahusika wengi hupandishwa katika mashindano hayohayo. Tatizo la mwanafunzi wako nadhani ni hili: akiwa peke yake ndiye mwenye saa. Anaamua anyamaze wapi, aharakishe wapi, na kama hadhira imechelewa kuelewa anarudia sentensi kwa sauti nyingine. Katika mchezo saa hiyo imegawanywa kati ya watu sita, na yeye hajui afanye nini na uso wake wakati mwenzake anapozungumza.

Mpe nafasi yenye maneno machache na usikilizaji mwingi. Marehemu Charles Bukeko, ambaye kwao ni Busia na ambaye alifariki Julai 2020, alijulikana kote Kenya kwa nafasi ya Papa Shirandula katika kipindi cha jina hilo kwenye Citizen TV. Alikuwa bawabu aliyemficha mkewe kazi anayoifanya, akitoka nyumbani kwa suti kama mtu wa ofisini na kuvaa sare akifika langoni. Jambo linalofaa kuonyeshwa kwa mwanafunzi ni kwamba sehemu kubwa ya kicheko ilitoka katika uso wa mtu anayesikiliza akiogopa kuumbuliwa, kabla hajatamka lolote. Mwambie mwanafunzi wako aziangalie sehemu hizo sauti ikiwa imezimwa, kisha akueleze ni wakati gani hasa Bukeko alijua kwamba ameshikwa.

Akifika mbele ya kamera baadaye, atakuta mtihani mwingine ambao jukwaa halikumwandalia, yaani ukimya. Wapiga picha na wanasauti hawaruhusiwi kucheka wakati wa kurekodi, na tukio lilelile hurudiwa mara kadhaa kwa kuwa kamera husogezwa ili kumpata kila mhusika. Mchekeshaji aliyezoea kupimwa na kicheko hudhani ameharibu, akaanza kuongeza sauti na mikono, na kwenye kamera ya karibu mikono hiyo humfanya aonekane anadanganya. Wanamuziki, kwa maoni yangu, hulivuka jaribio hili kwa urahisi zaidi, kwa sababu wamezoea kurudia kipande kimoja studioni bila mtu wa kuwashangilia. Marehemu Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyefahamika ulimwenguni, aliigiza kwa jina la Job Seda katika filamu mbili za kigeni zilizopigwa humu nchini, moja ya mwaka 1985 na nyingine ya 1987, na hakuna aliyehitaji kumfundisha kukaa kimya akingoja zamu yake.

Nina ombi moja la pembeni, Mwalimu. Usimruhusu kila mara achekeshe kwa lafudhi ya kijijini. Lafudhi huleta kicheko cha haraka, lakini kijana aliyeizoea hubaki akiitiwa nafasi ya mpishi na mlinzi hadi uzeeni.

SWALI: Mwanangu amemaliza diploma ya ugavi lakini hataki kutafuta kazi. Anasema yeye ni mchekeshaji, mwigizaji na mwanamuziki. Huwa anapanda jukwaani mjini Nakuru na wakati mwingine husafiri Nairobi, lakini nauli bado anaiomba kwangu. Mtu wa kazi hii hula nini, na ningoje kwa muda gani? – Mama, Nakuru

JIBU: Mama, nianze na muda, kwa kuwa nadhani ndio unaokuumiza. Mmarekani Steve Martin, ambaye pia ni mwigizaji na mpiga banjo, aliandika katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 2007 kwamba alifanya vichekesho vya jukwaani kwa miaka 18: kumi ya kujifunza, minne ya kunoa alichojifunza, na minne ya mafanikio makubwa. Mwaka 1981 aliacha jukwaa akiwa bado anajaza kumbi kubwa na kuhamia katika filamu, na banjo aliyokuwa akiitumia kama kiungo cha mzaha ikamletea tuzo ya Grammy ya muziki wa bluegrass mwaka 2010, akiwa na miaka 64. Sikuambii umlipie kijana nauli kwa miaka kumi. Nasema tu kwamba asiyeona pesa mwaka wa kwanza au wa pili hajathibitisha kwamba hana kipaji, kama ambavyo hajathibitisha kwamba anacho.

Sasa kuhusu chakula. Jukwaa la vichekesho lenyewe kwa kawaida ndilo linalolipa kidogo zaidi. Huko mchekeshaji hujaribu maneno yake na kuonekana, lakini mapato ya kumtunza hutoka kwingine: kusherehesha harusi na mikutano ya kampuni, matangazo ya redio, sauti za matangazo ya biashara, nafasi katika vipindi vya televisheni, na kupiga muziki kwenye hafla. Kwa hiyo kuwa na kazi tatu si lazima iwe dalili ya kutotulia, kwani mwezi ambao hakuna harusi huenda ukawa na siku nne za kurekodi. Kipindi cha Churchill Show kilichoendeshwa na Daniel Ndambuki kiliwapa vijana wengi jina, na jina hilo ndilo walilokwenda kuliuza kwenye hafla. Wengine wamefika mbali zaidi: John Kiarie wa kundi la Redykyulass alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, na Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o, mbunge wa Lang'ata mwaka 2022, ingawa sijui kama mama yeyote angependa mwanawe aanze vichekesho kwa sababu hiyo.

Vijana hutegemea sana YouTube. Ili kuanza kugawiwa mapato ya matangazo kwenye video zake ndefu, kituo chake kinahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na hata akivuka hapo malipo ya watazamaji wa hapa nchini ni madogo. Video humfaa zaidi kama barua ya utambulisho kwa mwenye hafla.

Hapo diploma yake ya ugavi inaingia, na ningefurahi kama ungemkumbusha. Mwambie kila kazi iandikwe: tarehe, muda atakaokaa jukwaani, nani analipia vyombo vya sauti, nani analipia usafiri, na arabuni ya nusu iingie kwenye M-Pesa kabla hajapanda matatu. Awe na PIN ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, na ajue kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka hiyo, maana tangu Januari 2024 kampuni haiwezi kuihesabu gharama hiyo katika kodi yake bila ankara hiyo, na wahasibu wengi hawamlipi asiyekuwa nayo. Kijana aliyesomea ugavi anaelewa ankara kuliko wachekeshaji wengi ninaowafahamu.

Wala asikimbilie kuhamia Nairobi. Kutoka Nakuru ni kama kilomita 160, anaweza kwenda kurekodi na kurudi, na Nakuru ina jukwaa la Nakuru Players Theatre na hafla za kutosha tangu mji huo upewe hadhi ya jiji mwaka 2021. Kodi ya nyumba Nairobi imewarudisha nyumbani vijana wengi kuliko hadhira isiyocheka. Mama, mpe muda unaoweza kuuvumilia, mkubaliane waziwazi, na katika muda huo akuonyeshe daftari la mapato na matumizi, hata kama ni ya shilingi mia tano.

SWALI: Hapa Nakuru hadhira moja ina Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya na Wakisii. Nichekeshe kwa lugha gani, na je, mizaha ya makabila bado inaruhusiwa? – Mchekeshaji chipukizi, Nakuru

JIBU: Tumia Kiswahili cha mjini unachokizungumza kila siku, na lugha ya mama iingie kwa neno mojamoja ambalo hata asiyeijua atalielewa kutokana na uso wako. Wimbo husaidia hapa, kwa sababu watu hukubali kuimba kiitikio cha lugha wasiyoijua, jambo ambalo hawalikubali katika masimulizi.

Kuhusu makabila, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza maneno ya kuchochea chuki ya kikabila, na mchekeshaji hana msamaha kwa kuwa watu walicheka. Sheria hiyo ilitungwa baada ya ghasia za uchaguzi ambazo Nakuru ilizionja vibaya Januari 2008, na katika ukumbi wako huenda yuko mtu aliyepoteza nyumba au ndugu. Mzaha kuhusu jinsi watu wa kwenu wanavyojadiliana mahari huchekwa na wote, na wenye hadithi ndio hucheka zaidi. Mzaha kuhusu nani ni mwizi na nani ni mgeni uache, tena usiujaribu hata kwa hadhira ya kabila moja, kwa sababu mtu mmoja mwenye simu atautoa humo ukumbini.

SWALI: Nilibadilisha maneno ya wimbo wa zamani wa benga nikaufanya wa kuchekesha, ukapendwa sana kwenye hafla. Kisha mchekeshaji mwingine akauchukua pamoja na masimulizi yangu yanayoutangulia, akavirekodi kama vyake. Nifanye nini? – Mpiga litungu na mchekeshaji, Bungoma

JIBU: Ndugu, una kesi mbili, na katika moja yawezekana wewe ndiwe mshtakiwa.

Tuanze na masimulizi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hailindi wazo. Mtu yeyote anaweza kusimulia kuhusu mkwe aliyekuja na kuku mmoja kwenye mahari. Inacholinda ni maneno na mpangilio wako, mradi yamewekwa katika hali ya kudumu, kama vile maandishi au rekodi. Ulinzi huo hauhitaji usajili, lakini ukisajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, utakuwa na cheti cha kuonyesha ikitokea ubishi wa nani alitangulia. Kama ulikuwa unasimulia tu jukwaani bila kuandika wala kurekodi, tafuta leo rekodi za simu za watu waliohudhuria, zenye tarehe.

Wimbo ni jambo jingine. Hakimiliki ya mtunzi hudumu hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Chukua mfano wa D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu Mei 2006, na ambaye enzi zake alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya mafumbo ya siasa katika nyimbo zake: alizozitunga zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Kubadilisha maneno ya wimbo unaolindwa na kuurekodi kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, hata kama maneno mapya yote ni yako na hata kama marehemu mwenyewe angecheka. Usipokuwa na ruhusa hiyo, mlalamikie mwenzako kuhusu masimulizi na uache habari ya wimbo, la sivyo wakili wake ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuuliza kibali chako kiko wapi.

Kwa siku zijazo, kwa kuwa wewe ni mpiga litungu, tunga muziki wako mwenyewe wa kuchekeshea, kisha ujiandikishe kama mtunzi katika chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi, na kama mtumbuizaji katika chama cha watumbuizaji, ambacho huwahusu waigizaji pia. Kabla ya kulipa ada, uliza KECOBO ni vyama gani vina leseni mwaka huo, kwa sababu leseni hizo zimekuwa zikibadilika. Na kama bado unautaka ule wimbo wa benga, andika kuomba ruhusa, na hakikisha jibu limetiwa saini na msimamizi wa mirathi au kampuni inayomiliki haki hizo, si na mpwa wa marehemu uliyekutana naye kwenye matanga.